Binti anazimia, na mjomba anataka kumtumia saa ya kutahadharisha

"Assalaam alaykum daktari. Nina binti wa miaka 19, anasoma chuo hapahapa Tanga. Ameshazimia mara tatu. Ya kwanza ilikuwa harusini Ngamiani, ukumbi umejaa, joto kali, amesimama muda mrefu. Alisema macho yanaingia giza, jasho likamtoka, akaanguka. Ya pili ilikuwa Ramadhani, ametoka chooni kabla ya magharibi, akajihisi vilevile, akawahi kukaa chini, fahamu zikampotea kidogo. Ya tatu ni mwezi uliopita, wakicheza netiboli chuoni. Wenzake wanasema alikuwa anakimbilia pasi, akaanguka kifudifudi bila kusema neno. Mikono ilimtetemeka na alijikojolea. Baada ya muda mfupi akaamka, anauliza mbona wamemzunguka. Zahanati walimpima malaria, hana. Wakasema presha imeshuka, ale vizuri. Majirani wanasema ni kifafa. Ndugu wengine wanasema ni jini wa baharini, maana mdogo wangu wa kiume alifia majini Raskazone akiwa na miaka 23, na kuogelea alikuwa hodari. Sasa kaka yangu aliyeko Muscat ameona kwamba kuna saa janja zinazomwambia mtu atazimia dakika chache kabla. Anataka kumtumia. Bei inanitisha, lakini nikifikiria kwamba huenda chuo kwa baiskeli kila siku, naona bora tuinunue. Je, saa hizo ni za kweli? Na tununue ipi?"

Waalaykumu salaam mama. Swali la saa nitalijibu lote, lakini naomba nianze na jambo ambalo hukuniuliza. Kuzimia kwa mara ya tatu hakufanani na kule kwa mara mbili za mwanzo. Kabla hamjazungumza bei na mjomba mtu, binti apimwe umeme wa moyo, wiki hii ikiwezekana. Mpaka kipimo hicho kifanyike na daktari akisome, asicheze netiboli, asikimbie, asiogelee hata kidogo, na baiskeli aiache nyumbani.

Sisemi hivi kukutia hofu. Nasema hivi kwa sababu umenieleza vizuri mno, na ndani ya maelezo yako kuna vitu viwili ambavyo daktari yeyote wa moyo angevikamata: aliangukia katikati ya mbio bila dalili, na mjomba wake, mwogeleaji mzuri, alifia majini akiwa kijana.

Tuanze na harusi na Ramadhani. Mtu akisimama, kiasi cha damu kama mililita 500 hadi 800 huteremka kwenda tumboni na miguuni kwa uzito wake tu. Kwa kawaida mwili hurekebisha mara moja: mishipa ya damu hujibana, moyo huongeza kasi, presha inabaki palepale. Kukiwa na joto, kiu, njaa au kusimama muda mrefu, marekebisho hayo huelemewa. Kwa baadhi ya watu, hasa vijana, mwili hugeuka ghafla na kufanya kinyume: neva ya vagasi, itokayo ubongoni kwenda moyoni, hupunguza mapigo ya moyo, na mishipa iliyokuwa imejibana inaachia. Presha huporomoka. Ubongo uko juu, na huwa kama bomba la ghorofani: presha ya maji ikishuka, lenyewe ndilo la kwanza kukauka. Damu ikikatika kwa sekunde 6 hadi 8 tu, fahamu zinapotea.

Kuzimia kwa namna hiyo hutoa taarifa. Macho yanaingia giza, masikio yanavuma, jasho jembamba, kichefuchefu, miayo, uso kupauka. Binti alizipata dalili hizo mara zote mbili, na Ramadhani aliwahi hata kukaa chini. Fahamu hupotea kwa muda mfupi, mara nyingi haufiki sekunde 20, na akishalala chini damu inarudi kichwani, anaamka. Aina hii kwa yenyewe haiui. Hatari yake ni anapoangukia: ngazi, jiko la mkaa, sakafu ya choo, katikati ya barabara.

Uwanjani mambo yalikuwa mengine. Katikati ya mbio, misuli ya miguu inasukuma damu kurudi juu na presha iko juu. Si wakati ambao kuzimia kwa kawaida hutokea. Wapo wanaozimia wakishasimama baada ya mbio, na hao mara nyingi hawana tatizo kubwa. Anayeanguka akiwa bado anakimbia, bila kuhisi lolote, bila hata kunyoosha mikono ajikinge, tunamhesabu kuwa na tatizo la moyo mpaka vipimo viseme hapana. Inaweza kuwa vali ya moyo iliyoharibiwa na homa ya baridi yabisi ya utotoni, ugonjwa ambao kwetu bado upo. Inaweza kuwa misuli ya moyo iliyonenepa kupita kiasi. Inaweza pia kuwa umeme wa moyo wenyewe, hali moyo kwa umbo ni mzima.

Hapo ndipo mdogo wako, Mungu amrehemu, anapoingia. Kuna ugonjwa wa kurithi ambao moyo, baada ya kila pigo, huchelewa kujiweka tayari kwa pigo linalofuata. Kwenye karatasi ya kipimo kuna sehemu inayoitwa QT, na kwa watu hawa sehemu hiyo ni ndefu kuliko inavyotakiwa. Wengi wao wakipumzika hawahisi shida yoyote. Moyo ukienda mbio, mpangilio wa umeme unaweza kuvurugika, moyo ukabaki kutetemeka badala ya kusukuma damu, na mtu akaanguka papo hapo. Mara nyingi mpangilio hurudi wenyewe na mtu huamka kana kwamba hakuna kilichotokea. Safari nyingine haurudi. Kuna aina ya ugonjwa huu ambayo huchochewa hasa na mazoezi, na kuogelea kumo katika vichochezi vyake vikubwa. Mwogeleaji hodari akizama bila sababu inayoonekana, hilo ni miongoni mwa mambo tunayoyafikiria.

Sidai kwamba ndilo lililompata mdogo wako. Bahari huchukua hata waliozaliwa ufukweni, kwa mkondo, kwa kubanwa na misuli, kwa mengi. Lakini ugonjwa huu ukiwapo katika ukoo, kila mtoto wa mwenye nao ana uwezekano wa nusu kwa nusu kuurithi. Marehemu ni ndugu yako wa tumbo moja, kwa hiyo kipimo hicho nawe mama ukifanye siku hiyohiyo, na umwambie kaka wa Muscat naye apime huko aliko.

Kuhusu kifafa: mikono kutetemeka kidogo hutokea sana kwa anayezimia, kwa sababu ubongo umekosa damu kwa muda, na mtu kujikojolea kunaweza kutokea katika kuzimia kwa aina yoyote. Aliyepata kifafa mara nyingi hutetemeka kwa muda mrefu zaidi, anaweza kujing'ata ulimi pembeni, na akiamka hubaki amechanganyikiwa kwa dakika kadhaa. Bintiyo aliamka akauliza swali la mtu mwenye akili zake. Msikubali aanzishiwe dawa za kifafa kwa maneno ya majirani, moyo wake haujapimwa.

Na kuhusu jini, sitagombana na wazee wenu. Wanaotaka kumsomea kisomo wamsomee, dua haizuii kipimo. Ninachoomba ni kwamba kisomo kisichukue nafasi ya hospitali, na wala asipelekwe baharini kuogeshwa.

Sasa saa. Mjomba hakudanganywa. Kwa zaidi ya miaka 10 watafiti wa nchi mbalimbali wamekuwa wakijaribu kutambua kuzimia kabla hakujatokea kwa kutumia vihisio vinavyovaliwa, na wapo waliofanikiwa kuona ishara dakika kadhaa kabla. Tatizo ni mahali walipofanikiwa. Majaribio mengi hufanywa hospitali, kwenye kitanda maalumu: mgonjwa anafungwa mikanda, kitanda kinainuliwa nyuzi 60 hadi 70, na yeye anakaa kimya akisubiriwa azimie. Haendeshi baiskeli, hafui, habebi ndoo. Tena wanaopimwa hapo ni wale wa kuzimia kwa kawaida, aina ya harusini na Ramadhani, ambao kwa sehemu kubwa mwili wao hutoa taarifa wenyewe. Kilichomwangusha uwanjani, kama ni umeme wa moyo, huanza na kumalizika ndani ya sekunde chache. Hakuna dakika tano za kutahadharishwa.

Elewa pia saa inaona nini. Nyuma yake kuna taa ndogo za kijani zinazomulika ngozi. Damu hufyonza mwanga huo, na kila moyo unapopiga, kiasi kinachofyonzwa hubadilika. Saa inahesabu mabadiliko hayo. Kwa hiyo inajua mapigo, na inaweza kukisia mpangilio wake. Presha, ambayo ndiyo inayoporomoka mtu anapozimia, haiioni moja kwa moja. Mkono ukitikisika, au saa ikilegea, hesabu huharibika. Saa nyingi pia hazipimi mfululizo mtu akiwa katika shughuli za kawaida, hupima kila baada ya muda fulani ili kutunza chaji, na tukio la sekunde 15 linaweza kupita katikati.

Zipo saa zinazochukua umeme wa moyo. Ni msaada wa kweli kwa baadhi ya wagonjwa, lakini huchukua njia moja tu ya umeme kwa sekunde 30, na lazima mwenyewe aguse saa kwa kidole cha mkono wa pili. Aliyeanguka kifudifudi hawezi kufanya hivyo. Ile ya Apple, programu yake ya kipimo hiki imekusudiwa wenye miaka 22 na kuendelea. Binti ana 19.

Jambo jingine ni kengele za uongo, na hapa nifuate kwa hesabu. Tuseme tumepata saa inayokagua kila saa moja kwa saa 16 ambazo binti yuko macho, na inakosea mara 5 tu katika kila 100. Kwa mwaka itakagua mara 5,840, na itamtisha bure mara 292. Akizimia mara tatu mwaka huo na saa ikazipatia zote tatu, bado karibu kengele 99 kati ya kila 100 zitakuwa za bure. Msichana wa miaka 19 akiambiwa karibu kila siku kwamba anaanguka, ama ataivua saa ama ataishi kwa hofu. Kwa anayezimia mara chache, hata kifaa kizuri kinaelemewa na hesabu hiyo.

Saa za bei nafuu zinazouzwa mitaani na mitandaoni, zinazotangazwa kupima presha, sukari na oksijeni kwa pamoja, mwambie mjomba asizifikirie. Februari 2024 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, FDA, iliwaonya wananchi wasitumie saa wala pete zinazodai kupima sukari bila kutoboa ngozi, kwani hakuna hata moja iliyokuwa imeidhinishwa. Na sisi wenye ngozi nyeusi tuna sababu ya ziada ya kuwa makini na vipimo vya mwanga: uchunguzi uliochapishwa Marekani Desemba 2020 ulionyesha kwamba vipima oksijeni vya kidoleni, tena vya hospitali, vilishindwa kugundua upungufu wa oksijeni kwa wagonjwa weusi karibu mara tatu zaidi kuliko kwa weupe.

Kwa kuzimia kwa kawaida, kengele bora binti anayo tayari: lile giza la macho na jasho jembamba. Afundishwe kulitii. Akilihisi tu, alale chini na kuinua miguu, awe harusini au popote, bila kuona aibu. Kama hawezi kulala, achuchumae. Au apishanishe miguu akiwa amesimama, abane mapaja na makalio kwa nguvu, huku ameshikanisha mikono na kuivuta kama anataka kuitenganisha. Hii inasukuma damu kurudi juu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2006 ulifuatilia wagonjwa 223 wa kuzimia kwa aina hii: waliopewa ushauri wa kawaida peke yake, kama 51 kati ya kila 100 walizimia tena, waliofundishwa pia kukaza misuli, kama 32. Hakuna saa mkononi, hakuna dawa. Na maji: nusu lita ikinywewa kwa mkupuo hupandisha presha ndani ya dakika chache, kwa hiyo anywe kabla ya shughuli yenye kusimama sana. Ramadhani asiache daku, anywe maji usiku kucha kidogo kidogo, na kama bado anazimia muulizeni sheikh wenu kuhusu ruhusa ya mgonjwa. Mlango wa choo na bafu asiufunge kwa komeo. Akitoka kusujudu au kuchuchumaa, asiinuke ghafla.

Nanyi mliomzunguka: akizimia msimwinue wala kumkalisha kwenye kiti. Ndivyo watu wanavyofanya harusini, kwa upendo, na ndivyo wanavyomrefushia kuzimia, maana damu inazuiwa kufika kichwani. Mlazeni, inueni miguu, legezeni ushungi shingoni. Msimtie kijiko wala kitu chochote mdomoni. Kama anapumua lakini haamki upesi, mgeuzeni ubavu.

Hospitali anzieni Bombo. Semeni neno hili mwanzoni kabisa, kabla ya jingine: "Alianguka akiwa anakimbia, bila dalili, na mjomba wake alifia majini akiwa kijana." Mkianza na "presha inashuka" mtarudishwa na vidonge vya kuongeza damu. Ombeni kipimo cha umeme wa moyo, hicho wanachokiita ECG. Ni dakika chache, hakiumi. Mwombeni daktari aihesabu QT kwa mkono, asitegemee tu namba iliyochapwa na mashine. Apimwe pia wingi wa damu, sukari, na presha akiwa amelala kwa dakika 5 kisha akisimama, dakika ya kwanza na ya tatu; ile namba ya juu ikishuka kwa 20 au zaidi, hilo nalo ni jibu. Atahitaji picha ya moyo ya mawimbi ya sauti, yaani ECHO. Mwombe pia daktari azungumze na binti faraghani, wewe ukiwa nje, kwa sababu kuna maswali ambayo msichana hawezi kuyajibu mbele ya mama yake, ujauzito ukiwamo.

ECG ya kwanza ikiwa safi, msiishie hapo. Baadhi ya wenye ugonjwa huu wa kurithi huonyesha QT ya kawaida wakiwa wamepumzika, na kwa historia hii anastahili rufaa kwenda Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete pale Muhimbili, apimwe akiwa kwenye mazoezi na arekodiwe moyo kwa saa 24 au zaidi. Ikionekana kweli ni QT, matibabu yapo. Mara nyingi huanza na vidonge vya jamii ya propranolo, dawa ya zamani na isiyo ghali, lakini msimnunulie wenyewe duka la dawa: kwa mwenye pumu inaweza kuwa hatari, na dozi yake inataka usimamizi. Mpaka hapo, popote atakapotibiwa aseme kwamba huzimia na moyo haujachunguzwa, kwa sababu kwinini, erithromaisini, fluconazole na dawa nyingine za kawaida zinaweza kuirefusha QT zaidi.

Mwambie kaka yako fedha ya saa aishike kwanza. Nauli ya Dar, malazi, ECHO na vipimo vya moyo ndivyo vitakavyoihitaji. Vipimo vikitoka na daktari akasema ni kuzimia kwa kawaida tu, binti anaweza kurudi kwenye baiskeli akishajua kuzitii dalili zake, na hapo kama mjomba bado anataka kumpa zawadi, anunue saa yenye uwezo wa kutambua kuanguka na kupeleka ujumbe kwenye simu yako. Iwe na laini yake au simu iwe karibu, na mwekeni jirani mmoja kuwa namba ya pili, kwa kuwa yeye ndiye atakayefika mapema. Kumbukumbu ya mapigo nayo inaweza kumsaidia daktari, ikiwa saa itabahatika kupima wakati huohuo. Hayo nayakubali kwa moyo mweupe. Kwamba itamwambia kabla hajaanguka, kwa sasa msiweke maisha yake juu ya ahadi hiyo.

Akianguka tena kabla ya siku ya kupima, akalalamika moyo kwenda mbio ovyo au maumivu ya kifua, au akazimia akiwa amelala au ameketi, msisubiri kuche. Mpelekeni Bombo usiku huohuo, upande wa dharura, na aliyemwona akianguka afuatane nanyi aeleze mwenyewe.